Mazabodi ya Mteja wa Kwanza

Pshaaa.

Kwa miaka ishirini na minane Severa hakuhitaji hodi nyingine. Breki za upepo zilipumua kwenye kona ya mtaa wao, Ilala, na kabla vumbi halijatua, maji ya kuoga yalikuwa yameshainjikwa. Kisha injini ikanyamaza. Kisha vikasikika viatu. Kisha akaonekana Isidori mwenyewe mlangoni, ametoka Lusaka kwa njia ya Tunduma, mkono mmoja umebeba mchele wa Kyela na mwingine unatafuta pa kujishikiza, maana ardhi iliyotulia ilikuwa ikimyumbisha.

Mlio ule haupo tena. Mwaka juzi jicho la kulia la Isidori lilianza kuona ukungu mahali pasipo na ukungu. Presha ya macho, akasema daktari, na leseni ya malori makubwa ikaishia pale pale kwenye kiti cha hospitali. Isidori alihama kutoka kwenye usukani akaenda kwenye kochi, na kochi halina gia. Alikaa. Alitazama taarifa ya habari ya saa mbili usiku, akatazama marudio yake asubuhi. Maneno yake yakawa machache kama mvua ya Agosti.

Siku moja akayakusanya yote akasema kwa mkupuo: "Nimekata tiketi ya basi. Jumatano ya wiki ijayo narudi Rombo. Nikakae karibu na kaburi langu."

"Kaburi lipi?" Severa akauliza. "Wewe si mzima?"

"Ndiyo naenda kulitafutia nafasi."

Severa, au Mama Matilda kwa jina la mtoto wao, aliuza sufuria Kariakoo tangu enzi ambazo vifuniko viliuzwa kando. Alikuwa na kibanda cha hatua tatu kwa nne, sufuria zimening'inia mpaka nje kama zabibu, na alikuwa na sauti. Sauti yake ilikuwa haihitaji spika. Akisema bei upande huu wa barabara, mteja wa upande wa pili alianza kuomba punguzo. Lakini mbele ya tiketi ile ya basi sauti yote hiyo ilimwisha. Angemwambia nini? Kwamba duka haliwezi kuhamia Rombo? Isidori analijua hilo. Kwamba nyumba bila yeye itakuwa sufuria bila mfuniko? Hayo si maneno ambayo Severa alizoea kuyasema.

Ndipo akaikumbuka siku ya Abdulatif.

Abdulatif ni fundi wa simu na kompyuta pale pale Ilala, mtu wa miaka thelathini na kitu, ana mke na mapacha. Mwezi mmoja nyuma Severa alimpelekea simu iliyopasuka kioo, na Isidori akamsindikiza kwa kulazimishwa. Wakamkuta Abdulatif kwenye kompyuta yake anacheza mchezo wa kuendesha malori. Alikuwa anarudisha lori nyuma kuingia kwenye ghala, na kila mara tela linagonga nguzo.

"Kata kushoto," Isidori akasema, ghafla.

"Si naenda kulia, mzee?"

"Ndiyo maana ukate kushoto. Tela ni mtoto mkaidi, ukitaka aende kulia mwambie kushoto."

Abdulatif akakata kushoto. Tela likaingia ghalani kama mkono kwenye mfuko. Isidori alisimama nyuma ya kiti kile dakika arobaini, jicho moja linaangaza, na simu ilipokwisha kutengenezwa Severa alilazimika kumvuta shati.

Kwa hiyo wiki ile ya tiketi, Severa alikwenda kwa Abdulatif peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kompyuta ya kuendeshea lori, shilingi ngapi?"

Abdulatif akataja bei ya mpya iliyokamilika. Severa akacheka mpaka wateja wawili wakageuka. Abdulatif akashusha pumzi, akamweleza kwamba inawezekana kuiunga kidogo kidogo, kwa vifaa vilivyotumika, kama mtu anavyojenga nyumba kwa tofali kumi kumi. Yeye mwenyewe alikuwa na prosesa ya kumuuzia kwa bei ya jirani, na ram, na kadi ya picha iliyokwisha kuona maisha. Kesi tupu, lile sanduku la kubebea vifaa vyote, ilikuwa uvunguni kwake. Usukani wa mchezo, pamoja na pedeli zake, ulikuwa kwa jamaa mmoja wa Buguruni aliyekatazwa na mkewe. Televisheni ya nyumbani ingekuwa kioo.

"Inabaki mazabodi," Abdulatif akasema. "Ule ubao mkubwa ambao vifaa vyote vinapachikwa juu yake. Kwa hesabu yetu, umebakiwa na laki moja na themanini ya mazabodi. Inatosha, ila usinunue peke yako, mama. Nisubiri Jumamosi, twende wote Kariakoo."

"Twende wote wapi?"

"Kariakoo."

"Mimi? Nisindikizwe Kariakoo?" Severa alimtazama kama mtu aliyeambiwa atashikwa mkono kwenda chooni.

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alikuwa tayari amepanda ngazi za jengo moja lenye maduka ya kompyuta ghorofa ya kwanza na mashela ya maharusi ghorofa ya pili. Aliwahi kwa sababu. Kila mfanyabiashara wa Kariakoo anajua kwamba mteja wa kwanza haachwi aondoke mikono mitupu. Yeye ndiye anayefungua siku. Akiondoka bila kununua, anaondoka na riziki yako hadi jioni. Severa mwenyewe aliwahi kuuza sufuria ya lita kumi kwa hasara ili tu asubuhi isimsusie. Leo alitaka kuwa upande wa pili wa desturi hiyo.

Mwenye duka, Benjamini, alikuwa ndiyo kwanza anasukuma geti la chuma. Yeye ni Mpare wa Same, na Severa ni Mchaga, na Mpare na Mchaga ni watani toka milima ilipowekwa.

"Mungu wangu," Benjamini akasema alipomwona. "Mteja wa kwanza Mchaga. Siku imeshakufa."

"Za asubuhi, mtani? Nilidhani uko mahakamani unauza ng'ombe kwa kesi ya kuku."

"Kesi nilishinda. Unataka nini?"

"Mazabodi."

Benjamini akawasha taa, akatandaza mbao nne juu ya meza ya kioo. "Prosesa yako ni ya aina gani?"

"Nzuri."

"Nimekuuliza aina."

"Na mimi nimekujibu. Unauza au unanifanyia usaili?"

Severa akaanza kazi. Aliuchukua ubao wa kwanza akaupima kwa kiganja, akauweka. Wa pili ukamkera kwa wepesi. Wa tatu ulikuwa na vipande vizito vya bati la kijivu kila upande na taa ndogo pembezoni. Akauinua mara mbili, akaugeuza akatazama kitako, kisha akaugonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Alifanya hivyo kwa sufuria zote alizowahi kununua, na hakuna sufuria iliyowahi kumdanganya.

"Unafanya nini?" Benjamini akauliza.

"Naisikiliza. Hii ina mlio wa kitu kizima. Bei?"

"Laki mbili na sitini."

"Laki na nusu."

"Mama Matilda, hata harusi ya mwanangu sikukupunguzia chakula hivyo."

Severa akauweka ubao chini, taratibu, akafunga kibwebwe cha kanga, akaelekea ngazi. Hakuharakisha. Alishuka daraja la kwanza, akashuka la pili. Kwenye la tatu akasikia kandambili za Benjamini zinamfuata.

"Laki na themanini, rudi!"

Severa akashuka la nne.

"Laki na sabini! Unaniua!"

Akapanda tena. Benjamini alizipokea noti, akaigusa ya kwanza kwenye paji la uso, akaipitisha juu ya bidhaa zake kimyakimya kama mtu anayebariki watoto, kisha akasema, "Umeniuma, Mchaga." Severa alishuka na boksi lake kifuani, akiwa na chenji ya elfu kumi na furaha ya laki nzima.

Alasiri, baada ya sala ya Ijumaa, Abdulatif alikuja Ilala na mfuko wa vifaa vingine. Walijibanza kwenye meza ya chakula, wakinong'ona, kwa kuwa Isidori alikuwa kwenye kochi na jambo lenyewe lilikuwa siri. Ieleweke tu kwamba kunong'ona kwa Severa ni kusema kwa kawaida kwa mtu mwingine.

Abdulatif alifungua boksi. Akafungua kifuniko kidogo katikati ya ubao. Akakifunga, akakifungua tena.

"Ni nzito, eh?" Severa akasema.

"Mama. Hii umeichaguaje?"

"Kwa uzito."

Abdulatif akaitoa prosesa yao kwenye kikaratasi chake, akaigeuza. Chini ilikuwa na sindano nyembamba mamia, zimepangika kama nywele za brashi. Kisha akamwonyesha mahali pa kuiweka ubaoni. Na pale pia palikuwa na sindano.

"Prosesa ina meno," akasema polepole, "na ubao nao una meno. Hapa hakuna wa kumng'ata mwenzake. Hizi kampuni mbili za prosesa, mama, ni Simba na Yanga. Prosesa yetu ni Yanga. Wewe umeleta benchi la Simba."

"Si uibonyeze?"

"Nikiibonyeza tutakuwa tumenunua majivu."

"Nishatoa laki na sabini, Abdulatif!" Sasa hakukuwa na kunong'ona tena. "Laki na sabini! Na Jumatano ndiyo hiyo inaingia! Ubao mzima, una bati, una taa, nimeugonga ukalia vizuri..."

Kochi likatoa sauti.

Mwanzoni walidhani ni kikohozi. Isidori alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yanamtikisika. Kisha ikatoka, kicheko kikavu, kilichokaa ndani muda mrefu hadi kimeshika kutu, na baada ya hicho kikatoka kingine kilicholainika.

"Umeigonga?" akasema. "Mama Matilda umeigonga kama sufuria?"

"Wewe umesikia toka lini?"

"Toka Jumatatu. Mtaa mzima umesikia." Akajifuta jicho, lile lenye ukungu, akainuka, akaja mezani mwenyewe bila kuitwa. "Kijana, hebu nielezee. Hiki kibati kidogo ndiyo injini?"

"Ndiyo, mzee."

"Na huu ubao ndiyo chesisi."

"Hapo hapo, mzee."

"Chesisi hainunuliwi kwa uzito. Inanunuliwa kwa injini itakayokaa juu yake." Akamgeukia mkewe. "Umenunua chesisi ya Skania, injini nyumbani ni ya Fuso, na unataka kuigonga nyundo ikae."

Severa akaanza kukunja vidole. Alikuwa anahesabu maneno. Mumewe alikuwa amesema mengi kwa dakika ile kuliko tangu Pasaka.

Abdulatif akaeleza na mengine, na Isidori akawa anaitikia kwa kichwa. Kwamba mazabodi haiongezi kasi yenyewe. Kazi yake ni kubeba na kutoibana injini, hivyo mwenye pesa ndogo asizimwage hapo. Kwamba taa ni mapambo. Kwamba ram nazo zina vizazi, cha nne hakiingii kwenye tundu la cha tano. Kwamba ubao mpana hautaingia kwenye kesi ndogo ya uvunguni, ambayo Isidori aliita bodi ya lori. Isidori akaomba kalamu. Nyuma ya bahasha ya bili ya maji akaandika, kwa herufi kubwa za mtu aliyejaza fomu za mipakani maisha yake yote:

INJINI YETU IKAE. RAM ZETU ZIINGIE. ITOSHE KWENYE BODI. TAA SITAKI.

Chini yake Abdulatif akaongeza aina ya prosesa, kizazi cha ram na kipimo cha kesi.

"Na hii kompyuta," akauliza akifunika kalamu, "ni ya mjukuu gani?"

"Ya mjukuu mmoja mzee," Severa akasema. "Hana adabu. Anataka kunikimbia Jumatano."

Isidori akaitazama bahasha. "Tiketi nimeshakata," akasema, akarudi kwenye kochi.

Jumamosi kulinyesha. Severa alipanda ngazi zile zile saa tatu asubuhi na boksi ndani ya mfuko wa nailoni, peke yake tena, maana safari hii bahasha ndiyo ilimsindikiza. Alikuwa ameshajua maneno ya kumwambia Benjamini. Benjamini hakumpa nafasi.

"Simama hapo hapo! Usivuke mlango!" Alikuwa ametoka nyuma ya meza, mikono mbele, kama mtu anayezuia mbuzi. "Nini hicho kwenye mfuko?"

"Mzigo wa jana. Haukuelewana na prosesa."

"Weka nje. Nje kabisa. Sijafungua, Mama Matilda. Tangu asubuhi sijauza hata waya. Uniletee marejesho kabla ya mauzo? Na marejesho yenyewe ya mali iliyofungua siku? Wiki nzima nitakula ugali na macho!"

Severa akarudi hatua moja. Mwaka jana mwanamke mmoja alimrudishia sufuria saa moja asubuhi, naye Severa alimfukuza kwa mwiko. Desturi aliyoipanda kama ngazi Ijumaa sasa ilikuwa imemwangukia kichwani.

Akaliweka boksi koridoni, akakaa kwenye benchi. Mvua ikaendelea. Ngazi zikabaki tupu. Nusu saa ikapita, ikapita nyingine. Benjamini alipanga waya, akazipangua. Kule Ilala tiketi ilikuwa kwenye mfuko wa koti, na koti lilikuwa msumarini.

"Hivi wewe huiti wateja?" Severa akauliza.

"Hizi ni kompyuta. Haziitiwi. Mtu anakuja na shida yake."

"Ndiyo maana hamna mtu." Akasimama, akajifunga kanga upya. "Basi nauza mimi."

"Mama Matilda, tafadhali..."

"Kompyutaaa!" Sauti ikashuka ngazi, ikatoka nje, ikavuka mvua. "Kompyuta na viungo vyake! Kavu, safi, hazijanyeshewa! Panda juu mama, kutazama si kununua, ila kutonunua ni kujitesa!"

Wa kwanza kutokea alikuwa Najma, mwenye duka la steshenari jirani na soko la Mchikichini, amebeba mwavuli uliovunjika mbavu. Alikuwa anakwenda juu kutazama shela la mdogo wake.

"He, dada Severa! Umehama vyombo?"

"Leo niko kwenye umeme. Shela halikimbii, njoo kwanza. Pale dukani kwako unachapia nini?"

"Kibodi changu? Kimekufa herufi mbili."

"Mbili! Watu wanaandika barua za kazi bila herufi mbili, wanakosa kazi, dhambi inakuja kwako." Severa alikwisha kunyanyua kibodi kutoka rafuni, akakipima kiganjani, akakigonga. "Sikia. Kizima. Hiki ukikiosha kinang'aa kama jana."

"Hakioshwi!" Benjamini akapiga kelele toka ndani.

"Hakioshwi, kwa sababu hakishiki uchafu," Severa akaendelea bila kumeza mate.

"Kina udhamini?"

"Nina miaka thelathini Kariakoo, Najma. Ulishawahi kununua sufuria kwangu ikatoboka?"

"Hapana, kusema kweli."

"Basi udhamini umeshauona."

Najma akalipa. Benjamini akaipokea noti, akaigusa pajini, akaipitisha juu ya meza, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua mzigo. Lakini Severa alikuwa ameshapata moto. Kabla ya saa sita alikuwa amewauzia wanafunzi wa chuo hedifoni tatu kwa kuwaambia kwamba haziungui, na mchungaji mmoja spika mbili, "seti, baba, usitenganishe, zilizaliwa pamoja." Benjamini aliacha kumkosoa. Akaagiza chai.

"Kaa, mtani. Andazi hilo."

"Sijaja kunywa chai. Umeshafungua au hujafungua?"

Benjamini akatoka, akaliingiza boksi mwenyewe kwa mikono miwili. Severa akampa bahasha ya bili ya maji. Benjamini akaisoma, akaisoma tena.

"Nani kaandika hii?"

"Dereva."

"Dereva wa nini?"

"Wa malori. Tunduma, Lusaka, miaka ishirini na minane."

"Anajua anachotaka. Wengi wakija hapa wanataka taa." Akainama chini ya meza, akatafuta, akatoka na ubao mdogo wa kijani, uliotumika, hauna bati wala urembo. Mahali pa prosesa palikuwa na matundu mamia, madogo kama ya chekeche, yanangoja meno.

Severa aliuchukua. Mkono wake wenyewe ukapanda kupima, na ubao ukawa mwepesi kama sahani ya plastiki. Kidole kikajikunja tayari kugonga. Akakitazama kidole chake, akakinyoosha.

"Ndiyo huu?" akauliza. "Una hakika? Hauna kitu!"

"Ndiyo huo. Soma hapo alipoandika. Injini inakaa, ram zinaingia, kwenye bodi unatosha, taa hakuna. Laki na arobaini."

"Basi nirudishie elfu thelathini yangu."

Benjamini akashika moyo. "Mali nimekubali irudi, kwa sababu wewe ni mtani na umeniuzia duka. Pesa hairudi. Pesa ya Mpare ikiingia mfukoni inafunga mlango. Chukua kibodi na feni, tumalizane."

"Kibodi kizuri."

"Kizuri. Na sharti moja." Akainua kidole. "Kuanzia leo, ukija kwangu, uje mteja wa pili."

Akamfungia ubao kwa gazeti, kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida ya mtu na mtu: "Huyo dereva, hiyo kompyuta anamuungia mjukuu wa miaka mingapi?"

"Sitini na saba," Severa akasema.

Benjamini akacheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha. Akafungua kabati akaongeza waya wa televisheni. Hakutaja bei yake.

Jumapili baada ya misa Abdulatif aliunga kompyuta sebuleni. Prosesa haikusukumwa. Aliilaza tu mahali pake, ikazama yenyewe kama mtoto anayepata bega la mamaye. Waliwasha mara ya kwanza, kimya. Waliwasha mara ya pili, kimya vilevile. Severa alitangaza, kwa mtaa wote, kwamba kitu chepesi ni chepesi tu. Isidori, kutoka kwenye kochi, akauliza kama swichi ya ukutani imewashwa. Haikuwa imewashwa.

Feni ikazunguka. Televisheni ikawa na anga, na barabara, na lori jekundu limesimama linangoja.

Isidori aliinuka. Hakwenda kwenye kiti, alikwenda chumbani. Abdulatif na Severa wakatazamana. Aliporudi alikuwa amevaa viatu vyake vya kazi, vile vya ngozi vilivyopinda mbele kwa miaka ya kukanyaga klachi, na amevifunga kamba zote. Akakaa. Akarekebisha kiti cha plastiki mara tatu, nyuma, mbele, nyuma kidogo. Akaushika usukani wa Buguruni.

"Jicho moja linatosha hapa?" akauliza.

"Linatosha, mzee."

Severa akakimbilia jikoni. Kulikuwa na kuku wa Jumapili jikoni, ila hakukimbilia kuku, alikimbia kumbukumbu. Kuna siku moja, mwaka wa tisini na sita, akiwa bibi harusi wa miezi miwili, alijipamba akaenda yadi ya malori na kapu, na ndani ya kapu kuku mzima wa kukaanga. "Nipeleke hata Chalinze tu," alisema, kwa sauti ile ile, mbele ya madereva wote, "nitarudi na basi." Isidori aliona aibu. Alinyoosha kidole kwenye kibao cha mlango wa lori: HAKUNA ABIRIA. Wenzake wakacheka. Severa alirudi nyumbani akamla kuku peke yake, hakumbakizia hata shingo, na katika safari zote zilizofuata hakuomba tena.

Sasa alikuwa anageuza vipande vya kuku, anasikiliza injini ikipanda gia sebuleni, ikishuka, ikipanda. Halafu pakawa na utulivu. Halafu:

Pshaaa.

Alipojitambua, sufuria kubwa ilikuwa imejaa maji na iko jikoni juu ya moto. Maji ya kuoga. Mikono ilikuwa imeinjika yenyewe, haikungoja ruhusa ya kichwa. Aliyaacha yachemke.

Aliporudi sebuleni Abdulatif alikuwa ameshaaga. Lori lilikuwa kwenye mataa, linangoja kijani, na Isidori ameegemeza mkono mmoja dirishani, dirisha ambalo halikuwepo.

"Mama Matilda," akasema bila kugeuka. "Ile tiketi mpe mtu. Jumatano nina mzigo."

Severa alitaka kujibu. Alikuwa na majibu kumi, yote ya kusikika mpaka Ilala Boma. Badala yake aliweka sahani ya kuku mezani, akachukua kiti cha pili cha plastiki, akakileta kushoto kwa mumewe, pale ambapo kwenye lori huwa kuna siti nyingine. Hakukaa. Aliinama karibu na sikio lake, kwa sauti ambayo hata Abdulatif, aliyekuwa bado anavaa viatu mlangoni, hakuisikia.

"Leo unabeba abiria?"